Nikiingia Orthodoksi nitakuwa Mkristo wa namna gani? Namjibu binti wa Chikongola

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mama mwalimu. Nina miaka 27, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, nimelelewa Mkatoliki kule Ndanda. Nimepata mchumba, mtu wa Bukoba, anafanya kazi bandarini, yeye ni Orthodoksi. Anasema imani yao ndo ile ya mitume, lakini nikimuuliza kuwa Mkristo wa Orthodoksi maana yake nini hawezi kunieleza, ananijibu tu njoo uone. Mama kakataa kabisa, anasema hiyo ni dini ya Wagiriki, wanabusu mapicha, na hata kufunga kwao hakueleweki, maana kwenye Kwaresima yao kijana alikuja nyumbani akakataa samaki changu ila pweza akala. Naomba unieleweshe, nikiingia huko nitakuwa nani?"

Marahaba mwanangu, na pole na huo mvutano wa nyumbani. Najua unavyokaa tumboni maana mi mwenyewe niliupitia. Nimezaliwa Masasi kwa Waanglikana, nikaingia Orthodoksi nikiwa Dar na miaka 24, na mama yangu hakuongea na mimi tangu Pasaka mpaka msimu wa korosho ulipoanza. Baada ya hapo nimefundisha wakatekumeni, yani watu wanaojiandaa kuingia Kanisani, zaidi ya miaka 20, kwa hiyo maswali yako yote nimeshayasikia na mengine niliyauliza mwenyewe.

Kwanza huyo kijana usimwone anakuzungusha. Filipo alipoulizwa na Nathanaeli kama kuna jema linaloweza kutoka Nazareti hakutoa hoja hata moja, alimjibu "Njoo uone", ipo Yohana 1:46. Alafu wewe ni wa kusini, hili utalielewa haraka kuliko mtu wa kwingine. Mwali akiwekwa ndani hapewi daftari, anakaa, anaoneshwa, anaimbiwa, anarudia, kungwi anamrekebisha, na siku anatoka watu wanaona hata anavyosalimia kabadilika, lakini ukimkalisha chini umwambie haya nieleze unyago ni nini atakuangalia tu. Sio kwamba hajui, anajua kwa mwili mzima na maneno ndo hayatoshi. Babu yangu alipita jando la Kikristo la Masasi, lile Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana alilolileta ndani ya kanisa badala ya kupigana nalo, na mi naamini ni kwa sababu ya hadithi za babu kwamba nilipoikuta Orthodoksi haikunishangaza sana. Nilikuta watu wanaofundishana imani kwa kuiishi pamoja, taratibu, mwaka baada ya mwaka.

Ila umeuliza na unastahili jibu, ngoja niseme kwa maneno niliyonayo. Kuwa Mkristo wa Orthodoksi ni kukubali kwamba wewe ni mgonjwa, Kristo ni tabibu, Kanisa ni hospitali, na kupona kwenyewe ni kufanana na Mungu mpaka uzima wake ukae ndani yako. Wengi tumekuzwa tukiiona dhambi kama kesi, yani kuna hakimu, kuna kosa, kuna faini, Yesu kalipa, tumetoka. Lugha hiyo ipo kwenye Biblia siikatai, lakini mababa wa Mashariki wanapenda zaidi lugha ya ugonjwa. Wanasema Adamu alipoanguka hatukurithi hatia yake, tulirithi kufa na udhaifu, ni kama mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba yenye mbu, hana kosa lolote lakini malaria anaumwa. Sasa mtoto wa hivyo ukimwambia tu umesamehewa unakuwa hujamsaidia, anahitaji dawa na anahitaji mtu wa kukaa naye mpaka homa ishuke.

Na kupona hakuishii kwenye kuacha dhambi. Petro ameandika kwamba tumeahidiwa kuwa "washirika wa tabia ya Uungu", 2 Petro 1:4, na Athanasio wa Aleksandria, Mwafrika wa Misri wa karne ya 4, alifundisha kwamba Mungu alifanyika mtu ili mtu kwa neema apate kufanywa kama Mungu. Mara ya kwanza kusikia hayo niliogopa nikadhani ni kufuru. Padri akanieleza kwa mfano wa zamani sana, chuma ukikiweka motoni kinakuwa chekundu, kinatoa mwanga, kinaunguza kama moto wenyewe, lakini kinabaki chuma. Hatuwi miungu ya kuabudiwa, hasha, ila yule Mungu asiyefikika anatugusa kweli na tunawaka kweli. Hili ndo jambo lenyewe mwanangu, mengine yote uliyoyaona, kufunga, ikoni (yale mapicha matakatifu), ubani, kusimama muda mrefu, ni dawa za kufikisha huko, na dawa haimponyi mtu kwa kuisoma kwenye karatasi.

Haya tuje kwenye pweza, maana najua hilo ndo linamsumbua mama. Sisi tunafunga Jumatano, siku Yuda alipomuuza Bwana, na Ijumaa, siku aliyosulubiwa, karibu mwaka mzima. Alafu kuna Kwaresima Kuu ya siku 40 na Juma Kuu lake, kuna mfungo kabla ya Krismasi kuanzia 15 Novemba, kuna wa mitume, kuna wa Mzazi-Mungu, yani Bikira Mariamu, tarehe 1 mpaka 14 Agosti, ukijumlisha ni karibu nusu ya mwaka. Kufunga kwetu sio kushinda njaa mpaka magharibi, ni kuacha aina za vyakula, yani nyama, maziwa, mayai na samaki. Sasa kanuni hiyo ya zamani ilitenganisha viumbe vyenye damu na vile visivyo na damu ya kuonekana, na pweza, ngisi, kamba na chaza wakaangukia upande wa pili. Kwa hiyo kijana hakumdharau mama yako. Ingekuwa ni tarehe 25 Machi, sikukuu ya Malaika kumpasha Mariamu habari, au Jumapili ya Matawi, siku ambazo samaki anaruhusiwa hata katikati ya Kwaresima, yule changu angeliwa ukabaki mwiba.

Kwetu huku mfungo huu unafuatika vizuri tu. Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, kunde, mbaazi, korosho za kuchoma, bibi zetu walikula hivyo bila kuambiwa ni mfungo. Ila nikwambie kitu ambacho wapya wengi hawaambiwi, ukikaa Ijumaa unakula pweza wa nazi na kamba sahani mbili umeshiba mpaka usingizi, alafu unamsema jirani aliyekula dagaa, wewe hujafunga, umebadilisha mboga. Mfungo unakufundisha kuliambia tumbo hapana ili siku ya siku uweze kuiambia hasira hapana, na hela iliyobaki umpe asiye nacho. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa, na yule ambaye nyumbani hamna kingine ila hao dagaa, anaongea na padri na padri anampunguzia. Hiyo tunaiita ikonomia, kanuni inalegezwa kwa ajili ya wokovu wa mtu, kama daktari anavyopunguza dozi kwa mtoto.

Dawa nyingine ni sala. Ipo moja fupi utakayoisikia sana: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Imetokana na kilio cha yule mtoza ushuru wa Luka 18 na vile vipofu walivyomwita Yesu njiani. Inarudiwarudiwa polepole, wengine kwa kamba ya mafundo, kidogo kama rozari uliyozoea ila hamna mafumbo ya kutafakari, ni jina la Yesu tu na wewe umesimama mbele yake. Mi huwa naisali nikibangua korosho. Korosho moja, sala moja, na kwenye sahani ya pili naona kabisa mawazo yangu yalivyokuwa yanakimbia kama kuku, nayarudisha, yanakimbia, nayarudisha. Mtu akiniuliza maisha ya kiroho ya Kiorthodoksi yakoje kwa siku za kawaida namwambia ndo hayo, kurudisha moyo nyumbani mara elfu bila kuukasirikia.

Alafu kuna Liturjia, ibada yetu ya komunyo kama Misa yenu, hapo ndo kila kitu kinakutana. Jumapili nyingi inasaliwa ile inayobeba jina la Yohana Krisostomo, yani Yohana Kinywa cha Dhahabu, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407. Utaisikia kwa Kiswahili, na "Bwana hurumia" utaiimba mpaka ukiwa usingizini utaiimba. Mkate ni wa kuchachuka, una muhuri wa herufi za Kigiriki zinazosema Yesu Kristo anashinda, na ukishakuwa Mwili wa Bwana unatiwa ndani ya kikombe pamoja na Damu, padri anakupa kwa kijiko. Nataka umwangalie mtoto mchanga anavyokomunika, maana kwetu mtoto akishabatizwa anapakwa mafuta matakatifu ya Krisma siku hiyohiyo na anakomunika hapohapo, hasubiri darasa la komunyo. Mama anamleta amelala mkononi, msaidizi anamshikia kitambaa chekundu chini ya kidevu, padri anamwita kwa jina lake, "mtumishi wa Mungu fulani anashiriki", kile kimdomo kinafunguka kama anasubiri uji. Nimeona hivyo mara nyingi sana na bado nikiona nanyamaza. Hakuna anayemuuliza mtoto kama ameelewa, analishwa kwanza, kuelewa kutamkuta akiwa anakua.

Na Pasaka! Mwanangu ukienda mara moja tu kwa mwaka nenda usiku wa Pasaka. Kanisa limejaa, saa sita usiku inakaribia, taa zinazimwa zote, giza tupu, unasikia watu wanavyopumua na mtoto mmoja nyuma analia. Alafu kwenye milango ya kifalme, ile ya katikati kwenye ukuta wa ikoni, inatokea mishumaa, padri anaimba njoni mpokee nuru, wa mbele wanawasha yao, wanawawashia wa nyuma, inasogea hivyo mpaka uso wa kila mtu unaonekana. Mwaka wangu wa kwanza nta ya moto ilinidondokea kidoleni sikuhisi. Padri akatangaza Kristo amefufuka, tukajibu kweli amefufuka, tukaimba kwa Kiswahili na Kigiriki na Kihaya, na mi niliyekuwa nimesomea imani hii vitabuni mwaka mzima nikagundua nilikuwa nimesoma menyu tu. Tarehe ya Pasaka yetu tunaihesabu kwa kalenda ya zamani ndo maana mara nyingi tunapishana na nyie, mwaka 2024 ya kwenu ilikuwa 31 Machi ya kwetu 5 Mei, mwaka 2025 tukakutana wote 20 Aprili. Krismasi huku kwetu ni 25 Desemba kama kawaida.

Kuhusu mapicha. Mtaguso wa 7, yani mkutano mkuu wa maaskofu, uliokaa Nikea mwaka 787 ulilitenganisha jambo hili wazi: ibada ni ya Mungu peke yake, ikoni inapewa heshima, na heshima ile inapita kwenda kwa aliyechorwa. Sababu ni kwamba Mungu alijivika mwili unaoonekana, na anayesema Kristo hachoreki anakaribia kusema hakuwa mtu kweli. Mama yako akiifuta vumbi picha ya marehemu baba yako kwa ncha ya kanga, hauheshimu ubao wala kioo. Na kwa Mkatoliki mwenye sanamu ya Bikira Maria nyumbani sidhani kama hili litachukua maongezi marefu.

Hilo la dini ya Wagiriki lina mzizi wake, tusimkatalie mama kabisa. Wagiriki walikuja Tanganyika kulima mkonge na kufanya biashara, wakajenga makanisa yao, wakasali Kigiriki chao, mtu wa nje angesema nini kingine? Lakini Kanisa lenyewe tulilo chini yake ni Patriarkati, yani Kanisa linaloongozwa na Patriarki, askofu mkuu, ya Aleksandria, Misri, Afrika hii hii, ambayo mapokeo yanasema ilianzishwa na Marko Mwinjili. Mkuu wake kwa sasa ni Theodoros II, tangu 2004, na cheo chake ni Papa na Patriarki wa Aleksandria na Afrika Yote. Usishtuke kusikia Papa, Aleksandria walilitumia jina hilo kwa askofu wao tangu karne ya 3. Na Afrika Mashariki hatukuletewa na mmisionari wa Kigiriki. Mganda mmoja, Reuben Spartas Mukasa, aliyekuwa Muanglikana kama mimi, ndiye aliyeitafuta mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1920, akaandika barua, akapigwa vita, mpaka Aleksandria ikawapokea rasmi mwaka 1946. Kwa kina mchumba wako kule Kagera mapadri ni Wahaya na kwaya ni ya Wahaya. Na kitu ambacho mi nakipenda, jimbo la Dar kwenye orodha za Kanisa linaitwa Irinoupoli, mji wa amani kwa Kigiriki, yani wamelitafsiri tu jina la Dar es Salaam.

Kwenye hili la nani ni nani usichanganye na Waethiopia na Wakopti, wale Wakristo wa asili wa Misri. Nao wanaitwa Orthodoksi na ni ndugu wa karibu, ila walitengana na sisi baada ya Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 na hatukomuniki pamoja. Na kuna jambo linaloniuma ila bora ulisikie kwangu: mwishoni mwa 2021 Kanisa la Urusi lilianzisha jimbo lake humu Afrika baada ya kugombana na Aleksandria juu ya Kanisa la Ukraine, kwa hiyo unaweza kukutana na mapadri wa pande mbili. Imani ni ileile. Ugomvi ni wa mamlaka, na wanaoumia ni waumini wa kawaida.

Sasa wewe kama Mkatoliki utaacha nini? Kidogo kuliko unavyoogopa na kikubwa kuliko anavyosema mchumba wako. Sakramenti unazijua, Mariamu unampenda, sisi tunamwita Mzazi-Mungu, jina lililothibitishwa Efeso mwaka 431. Lakini hatukubali kwamba askofu wa Roma ana mamlaka juu ya Makanisa yote, na kwenye Nasadiki tunasema Roho Mtakatifu atokaye kwa Baba, tunaishia hapo, lile neno "na Mwana" liliongezwa Magharibi baadaye. Mambo hayo mawili ndo yalibeba sehemu kubwa ya ule mpasuko ambao watu wanauwekea mwaka 1054. Mapadri wetu wengi wana wake, mradi awe ameoa kabla ya kupewa daraja, maaskofu ndo wanatoka kwa wasiooa. Kitubio kipo, ila padri hakai kibandani, anasimama pembeni yako mbele ya ikoni ya Kristo na nyote mnaangalia huko, maana unaungama kwa Kristo na padri ni shahidi. Mimi kitubio cha namna hiyo ndo kilinivunja moyo wangu mgumu, kuona kwamba mtu anayenisikiliza amesimama upande wangu.

Arobaini je? Utaulizwa tu na shangazi zako. Ipo. Tunamwombea marehemu siku ya 3, ya 9 na ya 40, tunapika ngano nzima ya kuchemsha tunaichanganya na sukari na zabibu kavu, kwa lile neno la Bwana la chembe ya ngano inayokufa ikaleta mazao mengi.

Nije kwenye ndoa, na hapa nitakuwa mkali kidogo kama kungwi wako. Usibatizwe wala usipakwe Krisma kwa sababu ya mwanaume. Kanisa letu linaweza kuwafungisha ndoa wewe ukiwa bado Mkatoliki, kwa ruhusa ya askofu, kwa kuwa umebatizwa kwa jina la Utatu, kwa hiyo asikwambie mtu hamna njia nyingine. Komunyo ndo hutapokea kwetu, na upande wa Kanisa lako ongea na paroko wako kabla ya chochote. Hiyo ndoa yenyewe utaipenda, hamna maneno ya kuapizana, mnavikwa taji vichwani, mnakunywa kikombe kimoja, mnazungushwa meza mara tatu huku padri akiwashika mkono, na taji zile ni za wafalme na pia za mashahidi waliokufa kwa ajili ya Kristo, maana ndoa ni vyote viwili. Ukija kuingia kabisa baadaye, ingia kwa sababu umemwona Kristo humo na huwezi tena kukaa mbali. Hata ikichukua miaka 5 haina shida, mi nimekaa na mkatekumeni mmoja miaka 4 na leo anafundisha wenzake.

Unachoweza kufanya sasa hivi ni hiki. Ukipata safari ya Dar panda basi Ijumaa, Jumamosi jioni nenda sala ya jioni, kanisa linakuwa halina watu wengi na padri ana muda wa kuongea, alafu Jumapili kaa Liturjia nzima. Vaa kanga yako au kitenge na mtandio basi. Wakati wa komunyo baki pembeni, hakuna atakayekushangaa. Mwisho kabisa padri anagawa vipande vya mkate uliobarikiwa, ule sio Ekaristi, unapewa kila mtu hata mgeni, kwa hiyo nenda upokee. Chukua na kipande cha mama, wanakufungia kwenye karatasi.

Na mama usibishane naye. Mama yangu aliyeninyamazia miezi yote ile ndo huyu namuuguza hapa Mikindani sasa, bado Muanglikana wake safi, kitabu chake cha sala kipo chini ya mto. Nina taa ndogo ya mafuta mbele ya ikoni ya Mzazi-Mungu, usiku umeme ukikatika ananiita kutoka chumbani, "washa ile taa yako, alafu usali kwa sauti." Ukitaka nimpigie mama yako nitumie namba yake, tuongee sisi wenyewe kina mama.